Kabla ya kugawa miche, utazameni udongo

Mvua za Novemba zikianza tu Kigoma, miche inagawiwa, picha zinapigwa, idadi inatangazwa. Sina ugomvi na mti. Ninachouliza ni hiki: pale mche ulipochimbiwa shimo, palikuwa na nini?

Milimani swali hilo ni zito zaidi. Ziwa letu, Tanganyika, liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Panda hadi Manyovu uone kama hutatafuta sweta. Kule Mahale, kilele cha Nkungwe kinafika mita 2,462. Penye baridi na unyevu, majani na mizizi iliyokufa huoza polepole, mabaki yakajilimbikiza ardhini. Weusi wa udongo wa huko, kwa sehemu kubwa, ni kaboni. Duniani, udongo wa kina cha mita moja tu una kaboni nyingi kuliko hewa na mimea yote kwa pamoja.

Sasa fyeka, choma, lima. Jembe linaufungua udongo, jua na hewa vinapenya, vijidudu vinakula yale mabaki, na kaboni ya karne nzima inapaa kama hewa ukaa. Katika nchi za joto, msitu ukigeuzwa shamba, robo ya kaboni ya udongo wa juu au zaidi hupotea, tena mapema, miaka ya mwanzo. Mteremko nao una hasara yake: mvua inakokota tabaka lile lile lenye rutuba hadi mto Luiche na ziwani. Mkulima analiona hilo kwenye maharage yake kabla mtaalamu hajafika na vipimo.

Watu watasema, basi tupande miti. Haraka ya nini? Kwenye nyanda za juu za Ekuado, milima ya Andes, walipanda misonobari kwenye nyasi za asili, na watafiti wakakuta kaboni ya udongo imepungua, kwa kuwa miti ile ilinyonya maji na kuukausha. Vilele vyetu vya nyasi vina hali yake ya hewa, sawa, lakini mimi nisingevijaza mikaratusi ili tu hesabu ya wilaya ipande.

Wenzetu wa wilaya ya Tanganyika, Katavi, wanalipwa fedha za kaboni kwa kuuacha msitu usimame. Hiyo naielewa. Na kwa ardhi iliyokwisha kulimwa, mfano uko uani kwa Waha wenyewe: migomba na kahawa, samadi ya ng'ombe, majani makavu yaliyotandazwa chini, jembe likipita mara chache. Fedha za miche ningezipeleka huko, kwenye samadi na makinga maji ya mashamba ya mteremko, na kila kijiji kipimiwe udongo kabla ya kuanza na tena baada ya miaka mitano.