Mkurugenzi wa Halmashauri Anamwogopa Nani?

Ibara ya 146 ya Katiba ya Tanzania inataja madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa kuwa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Hata hivyo, mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye ofisa masuuli, yaani anayewajibika kwa matumizi ya fedha za halmashauri, huteuliwa na Rais, na madiwani waliochaguliwa na wananchi hao hawana uwezo wa kumwondoa.

Wanaotetea udhibiti wa kutoka juu wana hoja nzito. Sehemu kubwa ya fedha za halmashauri hutoka Hazina, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimerudia kasoro zilezile kwa miaka mingi: makusanyo yasiyofikishwa benki, manunuzi yasiyofuata taratibu, na mikopo ya vikundi isiyorejeshwa. Mikopo hiyo, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilibidi isitishwe mwaka 2023 ili utaratibu wake upangwe upya. Tena, katika wilaya ambako diwani, mzabuni na mhasibu wanajuana tangu utotoni, jicho la mgeni ni kinga ya kweli kwa mlipa ushuru.

Lakini kinga hiyo inalinda vitabu kuliko huduma. Hati inayoridhisha, yaani maoni safi ya CAG, inathibitisha kwamba hesabu zimeandaliwa ipasavyo. Haithibitishi kwamba zahanati ina dawa. Mkurugenzi ambaye kibarua chake kinategemea mamlaka ya uteuzi, TAMISEMI (ofisi ya serikali kuu inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa) na LAAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, atatanguliza majibu ya hoja za ukaguzi, huku mkaguzi wake wa ndani akiwa chini yake kiutawala. Historia nayo inaonya: serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, maofisa wa serikali kuu wakashika mikoa na wilaya, na huduma za mijini zikazorota kiasi kwamba halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978.

Kwangu, mfano wenye busara zaidi ni ruzuku ya maendeleo iliyoanza mwaka 2004/05, iliyoiachia halmashauri uchaguzi wa miradi lakini ikapima utendaji wake kila mwaka kabla ya kuipa fedha. Haukuwa mfumo kamili, kwani halmashauri iliposhindwa, wanakijiji ndio walioadhibiwa kwa uzembe wa maofisa. Adhabu hiyo ingepaswa kumwangukia mkurugenzi mwenyewe, na tathmini ya baraza la madiwani iwe na uzito wa kisheria katika kuamua kama anabaki au anaondoka.