Amri ya Rais kwa Polisi Hukomea Wapi?

Mnamo Julai 9, 2025, siku mbili baada ya maandamano ya Saba Saba, Rais William Ruto alisema hapa Nairobi kwamba anayeteketeza biashara na mali ya wenzake apigwe risasi ya mguu, apelekwe hospitalini, kisha afikishwe kortini. Ukali wa kauli hiyo ulijadiliwa sana. Kwangu, swali zito zaidi ni la mamlaka.

Wanaoitetea wana hoja isiyostahili kupuuzwa. Mfanyabiashara aliyevunjiwa duka na kuporwa kila kitu huilaumu serikali, na ana haki ya kuilaumu. Isitoshe, Kifungu cha 245 cha Katiba kinamruhusu waziri anayehusika na polisi kumpa Inspekta Jenerali maelekezo ya sera, na kwa kuwa Rais hakumtaja mtu yeyote kwa jina, wakili hodari anaweza kudai kwamba alichotamka ni sera tu.

Hata hivyo, kifungu hicho hicho kinataka maelekezo ya waziri yawe kwa maandishi, na kinamkataza kila mtu, Rais akiwemo, kumwelekeza Inspekta Jenerali kuhusu uchunguzi wa kosa mahususi au utekelezaji wa sheria dhidi ya watu mahususi. Kisha ipo Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, ambayo jedwali lake la sita linaruhusu bunduki itumike pale tu mbinu zisizo kali hivyo zinaposhindwa, na linasema wazi kwamba kutii amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Uamuzi wa kufyatua risasi, kwa hiyo, ni wa afisa aliye mbele ya hatari yenyewe, na hakuna anayeweza kumfanyia mapema akiwa jukwaani. Hili ndilo linalonisikitisha zaidi: konstebo atakayeitii kauli ile ndiye atakayehojiwa na IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, na kushtakiwa, ilhali aliyeitoa hatakuwa kizimbani naye.

Iwapo Serikali inaamini kanuni za matumizi ya silaha zinawabana polisi mno, njia ya kuzibadilisha ipo na inaifahamu. Mahakama Kuu ilipobatilisha ada ya nyumba, yaani makato ya mishahara ya kugharamia nyumba za bei nafuu, mnamo Novemba 2023, Serikali ilirudi Bungeni, na kufikia Machi 2024 ilikuwa na sheria mpya.