Mchawi si gemu, ni ubao wa magoli

Shule zikifungwa tu, nyumba nyingi PS, ile mashine ya gemu, inapandishwa juu ya kabati. Sababu ni ileile kila mwaka: "Mtaniulia TV yangu." Mtoto akithubutu kuuliza gemu inauaje TV, anajibiwa kwamba inaunguza kioo na kuacha alama, na mjadala unaishia hapo. Mimi naona hivi: kama hamtaki watoto wacheze kutwa nzima, semeni masomo, semeni Luku inaisha, sababu ziko tele. Hiyo ya kuungua kioo, kwa TV iliyoko sebuleni kwa wengi wetu, karibu ni uongo.

Nasema karibu kwa sababu hofu yenyewe ina asili yake. TV za chogo zilikuwa zinaungua kweli. Ndani ya kioo chake mlikuwa na fosfori, unga unaowaka ukipigwa na elektroni, na sehemu iliyowaka sana kuliko nyingine ilichakaa ikabaki na kivuli cha kudumu. Zile picha za mabomba na samaki zilizokuwa zinajitokeza kwenye kompyuta za zamani ukiiacha kidogo hazikuanza kama pambo, zilikuwa kinga. TV za plasma nazo zilikuja na ugonjwa huohuo, mpaka viwanda vikubwa vilipoacha kuzitengeneza mnamo 2013 na 2014. Watu wakahamia kwenye flati, na hofu wakahama nayo.

Sasa flati nyingi tulizonazo ni LCD, hata kama boksi limeandikwa LED. Taa ziko nyuma, mbele kuna fuwele zinazopitisha mwanga au kuuzuia. Pikseli, yaani nukta ya picha, haiwaki yenyewe, kwa hiyo haichakai kwa kuwaka. Picha ikiganda masaa mengi inaweza kuacha kivuli hafifu, lakini kwa kawaida kinaondoka TV ikipumzika. Basi.

Kinachokufa kwenye LCD ni taa zenyewe, na hapo saa nyingi zina lawama. Ingia kibanda chochote cha gemu mtaani. TV inawashwa asubuhi, inazimwa usiku, na mwanga umepandishwa hadi mia kwa sababu mlango uko wazi na jua linaingia mpaka ndani. Taa zinafanya kazi kwenye joto kutwa. Baada ya muda nyeupe inaanza kuwa ya bluu, jezi zinabadilika rangi, halafu siku moja sauti ipo, picha hakuna. Taa hizo mara nyingi zimeungwa mfululizo, ikifa moja utepe mzima unazima. Ikikutokea, zima taa ya chumba, sogeza tochi ya simu karibu na kioo, mulika kwa mshazari. Ukiona wachezaji wanakimbia gizani, kioo kizima, shida ni taa au umeme unaozilisha. Fundi anayekutajia bei ya kioo kipya kabla hajamulika, mwage. Na kinga ni ya bure: shusha mwanga wa taa za nyuma kwenye mipangilio, gemu itachezeka vizuri tu.

(Ile mistari ya wima isiingizwe kwenye kesi hii. Mingine inatokana na padi iliyorushwa baada ya mtu kufungwa dakika ya 90.)

OLED ndiyo habari nyingine. Hapo hakuna taa nyuma, kila pikseli inawaka yenyewe kwa kemikali inayochakaa kadiri inavyotumika, hivyo sehemu moja ikiwaka kuliko jirani zake kila siku, inazeeka kabla yao. Lakini hata hapo kosa si gemu kwa jumla. Mwaka 2018 RTINGS, tovuti ya Kanada inayopima TV, ilichukua OLED sita za LG aina ya C7, ikaziwasha saa 20 kwa siku, kila moja na kitu chake. Zilizoharibika mapema na vibaya ni zilizowekewa chaneli ya habari ya CNN. Zilipopita saa 9,000, ambazo ni kama saa tano kila siku kwa miaka mitano, ile ya FIFA 18, gemu ya mpira, nayo ilikuwa imeanza kuonyesha dosari. Ile ya Call of Duty, gemu ya vita, haikuwa na alama ya maana.

Zote mbili ni gemu, saa zilezile. Tofauti ni kwamba kwenye mpira ule ubao wa magoli na dakika unakaa kona ileile, mechi baada ya mechi. Sasa nani hatari zaidi sebuleni: kijana anayecheza mpira saa mbili kisha akahamia gemu ya magari, au mzee anayeacha chaneli ya habari tangu alfajiri, nembo na utepe mwekundu vikiwa palepale? Hakuna mtu anayemfichia mzee rimoti.

Kwa hiyo mwenye kibanda asinunue OLED, hata akiipata kwa bei ya kutupa. Kwake ni mpira uleule kutwa, na LCD ya kawaida itamtosha. Anayenunua OLED ya mtumba kutoka Dubai asiridhike na video ya maua anayowekewa na muuzaji. Fungua YouTube, weka skrini ya kijivu tupu, kisha nyekundu tupu, utazame kona za juu na ule ukanda wa chini. Nembo ya chaneli ikiwepo utaisoma.

Kwa mwenye OLED nyumbani kuna jambo moja tunalikosea sana huku kwetu, kuzima ukutani. Tunachomoa kwa kuogopa umeme ukatike na kurudi kwa kishindo, na hofu hiyo ni ya haki. Tatizo ni kwamba OLED hujirekebisha ikiwa imezimwa kwa rimoti lakini bado ina umeme. Za LG, kwa mfano, zikishatumika saa nne hivi, ukizima kwa rimoti zinasawazisha pikseli kwa dakika kadhaa. Ukichomoa papo hapo kila usiku, kazi hiyo haifanyiki kamwe. Nunua kifaa cha kulinda umeme, zima kwa rimoti, kaoge, ukirudi ndipo uchomoe.