Kinyama changu kinaenda wapi, daktari?

Kinyozi wangu wa Kondele, hapa Kisumu, ndiye aliyekiona kwanza kivimbe changu. Alizima mashine, akakibonyeza kwa kidole gumba hapo kisogoni, akasema, "Boss, hiki kitu kimekua tangu Desemba." Papo hapo akajitolea kukipasua. Alikuwa na wembe mpya na spiriti, na bei yake ilikuwa soda moja. Nilikataa, lakini nakiri kwamba ile soda ilinitia majaribuni.

Watu wa huku tuna ujasiri wa ajabu na vitu vinavyoota mwilini. Chunjua tunaipaka maji ya betri au utomvu wa mnyaa. Kinyama cha shingoni tunakifunga uzi mpaka kinyauke. Uvimbe anaukamua shemeji yeyote aliye karibu. Mimi mnyaa nauogopa kuliko wembe, maana utomvu wake ukiruka jichoni umeshaliunguza. Na chunjua yenyewe huletwa na virusi, na kwa watoto wengi hupotea bila dawa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mtoto wa watu anaunguzwa kwa asidi kwa sababu ya kitu ambacho kingejiondokea.

Changu hakikuwa chunjua. Daktari wa kliniki ya mtaani alikipasua, akakamua uji mweupe unaonuka kama maziwa yaliyosahaulika kibuyuni, akabandika pamba. Nikalipa na kushukuru. Baada ya miezi minne kilikuwa kimerudi palepale. Kumbe ndani mna kifuko chenye ngozi yake, na ngozi hiyo ndiyo inayotengeneza ule uji. Ukikamua ukaacha kifuko, umechota maji ukaacha chemchemi.

Mara ya pili nilikwenda hospitali kubwa. Kabla ya kushika kisu, daktari aliniuliza kama kuna mtu kwetu ambaye makovu yake huvimba. Yupo: dadangu alitoga masikio, na hadi leo sikio moja lina kinundu kama njugu karanga. Hiyo ni keloidi, na ukiikata tu bila kitu kingine, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko ya kwanza, ndiyo maana wengi hudungwa sindano za steroidi hapohapo kwenye kovu. Kinyozi hakuniuliza habari za dadangu.

Sindano ya ganzi ndiyo iliyouma. Baada ya hapo nilisikia kuvutwavutwa tu, kama mtu anayeng'oa kifungo cha shati nililovaa. Alikata umbo la jicho, akifuata mkunjo wa ngozi ili kovu lisionekane sana, akakitoa kifuko kizima. Kisha akakiangusha kwenye kidishi pamoja na pamba zenye damu, na muuguzi akakibeba kuelekea pipani.

"Daktari, hicho kinaenda wapi?"

"Ni kifuko tu, ndugu yangu."

Hapa ndipo tunapogombana. Najua kwamba mara nyingi macho na vidole vya daktari vinatosha. Uvimbe wa mafuta ni laini na huteleza chini ya kidole, na vinyama vidogo vya shingoni sidhani vina haja ya safari ya maabara. Lakini ngozi nyeusi ina ujanja wake. Bob Marley, ambaye uso wake umechorwa kwenye matatu zetu, alikuwa na kidonda chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, kikadhaniwa ni jeraha la mpira. Mwaka 1977 ikajulikana ni melanoma, saratani ya ngozi, na mwaka 1981 akafariki akiwa na miaka 36. Kwetu sisi weusi melanoma hupenda kujificha hukohuko, kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo mtu husema amechomwa na mwiba. Saratani ya Kaposi, ambayo VVU viliifanya ifahamike sana huku Nyanza, huweza kuanza kama vidoa vya zambarau au vyeusi visivyouma hata kidogo. Na kidonda kisichopona usoni mwa mtu mwenye ualbino hakipaswi kuitwa kipele hata siku moja.

Kwa hiyo doa lililobadilika rangi, kitu kinachotoa damu, chochote cha unyayoni au kilichokua haraka, kikikatwa kiingie kwenye chupa ya fomalini, dawa ya kukihifadhi hadi kipimwe maabara, na mgonjwa atajiwe bei ya maabara kabla hajalala kitandani. Bei hiyo ndiyo inayotunyamazisha. Yangu ilikaribia gharama ya kukatwa kwenyewe, na nilijua hivyo baada tu ya kung'ang'ania, daktari akacheka na kuagiza chupa iletwe.

Nyuzi zilitolewa siku ya nane. Karatasi ya maabara ilifika wiki mbili baadaye: kifuko cha kawaida, hakuna saratani. Nilimwonyesha kinyozi. Akaisoma yote, polepole, kisha akawasha mashine.

"Si nilikwambia ni kitu kidogo?"