Bunduki ya moshi niliyoiuza, na gobore la babu lililopimwa kwa kilo

Niliiuza mwezi wa tatu 2019, dola 850, kwa jamaa aliyekuja na pikapu hakukaa hata dakika kumi, akahesabu hela juu ya boneti, akaiviringisha ile bunduki kwenye blanketi la kijivu akaondoka nayo. Mke wangu akaniuliza mbona umenyamaza, nikamwambia hamna kitu, nimechoka tu. Hela ilienda Buswelu, pale Mwanza nilikokuwa najenga, siku ileile, mabati yakapandishwa, na leo nyumba ipo na wapangaji wamo, nyumba sijutii hata kidogo. Ila ile bunduki mpaka leo inaniuma, na naandika haya kwa sababu kila nikipiga simu Mwanza lazima kuna mtu ataniuliza, eti ni kweli huko Marekani unakusanya bunduki, umekuwa jambazi siku hizi? Nikianza kueleza hatufiki mbali, maana bunduki wanayoiwaza wao siyo hii ninayoisema mimi.

Mimi nakusanya za zamani tu. Zile ambazo risasi zake huzikuti duka lolote la kawaida, ambazo kazi yake iliyobaki ni kukaa ukutani na kuulizwa maswali. Huku sheria ya nchi ya 1968 inasema silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 kurudi nyuma inahesabika kuwa kitu cha kale, kwa hiyo kwa sheria hiyo unainunua kama unavyonunua saa ya ukutani, ingawa kila jimbo lina mambo yake na mtu inabidi asome kwanza. Sijawahi kupiga risasi hata moja na yoyote kati ya zangu na sina hamu hiyo.

Aliyeniingiza kwenye haya ni mzee mmoja niliyekuwa namtunza, kazi yangu ya pili nilivyofika hapa Ohio. Kazi yenyewe mnaijua, kumuogesha mzee, kumpa dawa, kumtoa nje akae kwenye jua. Alikuwa fundi mashine maisha yake yote, na chumba chake cha nyuma ukutani zimepangwa bunduki kumi na moja, mimi siku ya kwanza niliogopa kuingia humo nikasimama mlangoni. Akanicheka, akasema njoo, hizi zimeshastaafu kama mimi. Lakini kitu kilichonishika siyo zile za ukutani, ni daftari lake. Jalada jeusi, kila bunduki na ukurasa wake: aliinunua wapi, kwa nani, bei gani, namba zilizogongwa kwenye chuma, na maneno ya aliyemuuzia, kwamba hii ilikuwa ya babu yake, hii ilikutwa darini. Na zile alizoziuza hakuzifuta. Ukurasa unabaki vilevile, chini kabisa anaandika tarehe aliyouza na hela ilikwenda wapi. Winchester ya 1873 aliiuza 1974, ameandika gia boksi ya gari. Afu chini yake kwa kalamu nyingine, gari lilikufa 1976. Nyingine ameandika meno ya binti. Akifika kurasa hizo anaziangalia muda mrefu kuliko za bunduki alizonazo, na mimi nimekaa pale na bakuli la uji nasubiri amalize.

Basi nikaanza na mimi, kidogo kidogo, na hii ya moshi ndo ilikuwa ya tatu.

Ilikuwa Februari, theluji imejaa, tumo kwenye mauzo ya bunduki za zamani, ndani ya ule ukumbi wanaofanyia maonyesho ya kilimo nje ya mji, meza kama mia hivi, wazee watupu na kahawa zao. Chini ya meza moja nikaona kitu kirefu kimelazwa kwenye karatasi za magazeti. Mauser ya 1871, ile ya kwanza kabisa ya wale ndugu wawili Wajerumani, milimita 11, inaingiza risasi moja tu, ukipiga unafungua bolti unatoa ganda unaweka nyingine. Urefu mita moja na sentimita 35, ukiisimamisha inanifika kifuani. Kwenye chuma imegongwa taji, na chini yake Spandau, kile kiwanda chao cha serikali. Namba zote zilifanana, kwenye bolti, kwenye mtutu, kwenye bamba la kitako, na huku namba zikifanana ndo bei inapanda. Kasoro ni moja, ule mdeki wake, kile chuma chembamba cha kusafishia kinachokaa chini ya mtutu, haupo, tundu limebaki wazi.

Mwenye meza anasema hii ni ya urembo tu, watu wanaitundika juu ya moto sebuleni. Mimi mikono inatetemeka, maana hii bunduki naijua. Sijawahi kuiona, lakini naijua. Babu yangu pale Kayenze alikuwa anatuhadithia habari za baba yake, jinsi alivyochukuliwa na Wajerumani pale Mwanza kwenda kubeba masanduku ya risasi vita ya kwanza, na anasema bunduki za askari zilikuwa zinatoa wingu la moshi mweupe kila wakipiga, kwa hiyo wapagazi walijua kabisa, mlio wa kwanza tu unakimbia uende mbali na moshi, kwa sababu adui anapiga penye moshi. Sisi watoto tulidhani babu anakoleza. Kumbe ndivyo ilivyokuwa, vita ilivyoanza 1914 kampuni nyingi za askari wa Kijerumani Afrika Mashariki zilikuwa bado na Mauser hii ya 1871 inayotumia baruti nyeusi, wakati mwenzao Mwingereza anakuja na raifo zisizotoa moshi. Ndo maana walivyoshinda Tanga Novemba 1914 walikimbilia kuokota bunduki zilizoachwa pwani. Huku kwetu ziwani Waingereza walitokea Kisumu kwa meli wakaipiga Bukoba Juni 1915, na Julai 1916 wakaichukua Mwanza, Wajerumani wakakimbilia kusini. Baba yake babu akawatoroka usiku upande wa Misungwi, akarudi Kayenze kwa miguu anajificha mchana kwenye mawe. Wengi hawakurudi. Wapagazi waliokufa kwenye vita ile, pande zote mbili, ni makumi ya maelfu, na ukumbusho mkubwa tulionao midomoni ni jina la Kariakoo, ambalo watu wanalitaja kila siku wakienda kununua vitenge na hawajui limetokana na kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza, Carrier Corps.

Nikalipa dola 600 bila kubishana. Nikakaa nayo miaka minne. Wanangu nikawa nawasimulia nikiwa nimeishika, nawaambia huu uzito wa kilo nne na nusu ushike, sasa fikiria huyu babu yenu alibeba sanduku zima la risasi zake kichwani, zile risasi nene kama kidole. Watoto wanakaa kimya wanasikiliza. Niwasimulie sasa hivi mikono mitupu, dakika mbili tu wamerudi kwenye simu.

Sasa nije kwetu.

Babu naye alikuwa na lake, gobore. Lilitundikwa juu ya mlango wa chumba cha mbuzi, kitako kilishapasuka zamani akakifunga na ngozi ya mbuzi mbichi ikakaukia pale ikabana kama chuma. Alilipata Ukerewe kwa ng'ombe wawili. Lilipigwa labda mara mbili kwa mwaka, viboko wakitoka ziwani usiku kula mpunga, na kulishindilia tu ilikuwa kazi: unamimina baruti, unaweka kitambaa, unashindilia na mdeki, unaweka marisao, kitambaa tena, unashindilia tena, afu ndo fataki chini ya nyundo. Halikuua kiboko hata mmoja ninavyojua mimi, lilikuwa la kuwatisha. Akimaliza analisafisha na mafuta ya sangara, kwa hiyo lilinuka baruti na samaki kwa pamoja, harufu hiyo nikifumba macho naipata sasa hivi.

Babu alifariki 2003. Baada ya msiba likatoka tangazo la kusalimisha silaha zisizo na kibali, baba mdogo akaogopa. Akilipeleka kituoni ataulizwa lilikuwa wapi miaka yote, akikaa nalo ni kesi. Akakivunja kitako kikawa kuni. Mtutu akampa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyepita na baiskeli, pamoja na rimu na jembe la kukokotwa lililovunjika, vyote vikapimwa kwa mkupuo kwenye mizani iliyoazimwa kwa mama muuza dagaa jirani. Mizani ya dagaa ndugu zangu. Mimi niko Ohio wakati huo sijui lolote, nikaambiwa kwenye simu miaka mingi baadaye kama habari ya kupita tu.

Simlaumu baba mdogo na nimemwambia hivyo. Na sitaki mtu anisome vibaya, kwenye hili la bunduki kwa jumla nyumbani wako sahihi kuliko huku. Mwanangu wa kike yuko darasa la tano, shuleni kwao wanafundishwa kuzima taa na kujibanza kimya pembeni ya darasa wasionekane kwenye dirisha, kwa ajili ya siku mtu akiingia na bunduki. Aliponionyesha nyumbani jinsi wanavyojikunja nilitoka nje nikakaa kwenye gari. Kwetu hamna mtoto anayefundishwa hivyo, na Mungu aendelee kutuepusha. Silaha zilivyozagaa baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979 Usukumani tulikiona, wizi wa ng'ombe ulizidi mpaka wazee wakaunda sungusungu kwa pinde na mishale. Na wavuvi wanaonyang'anywa injini na nyavu kwa mtutu katikati ya ziwa usiku wanajua ninachosema. Kwa hiyo sheria ya 2015 ya kudhibiti silaha na risasi ibane, ibane kabisa, mimi naiunga mkono.

Ninachobishana nacho ni hiki, kwamba kwetu mtu mwenye gobore la babu yake anaona njia mbili tu, kulificha au kuliharibu. Hajui njia ya tatu. Huku hata bunduki mbovu isiyolia ina mtu wa kuisoma, anatoa lenzi mfukoni anatafuta namba, anauliza ilikuwa ya nani. Kwetu chuma hicho hicho ni kesi au ni kilo. Sasa pale Bujora, Kisesa, kilomita zisizozidi ishirini kutoka mjini, Wasukuma tuna makumbusho, yule padri Clement aliyeianzisha alihangaika kukusanya ngoma na vitu vya watemi wakati watu wanaona ni takataka za kishenzi, na leo wajukuu wa hao watemi wanaenda kuvitazama. Kwa nini familia isiweze kulipeleka gobore polisi mchana kweupe, likatobolewa mtutu lisilie tena milele, likaandikwa jina la aliyekuwa nalo na kijiji chake na lilifanya kazi gani, afu likatundikwa mahali kama hapo? Kutoboa mtutu ni kazi ya fundi ya nusu saa. Kuandika majina ni daftari na kalamu. Hawa wazungu wametuandikia vita ile yote kwa majina ya maofisa wao, sisi tulikuwa tunaibeba kichwani, na vyuma vichache vilivyobaki kwenye nyumba zetu ndo hivyo vinaishia kwenye mizani ya dagaa.

Na mimi nilivyouza ile Mauser nilifanya kosa hilohilo, tena bila kuogopa polisi, bila njaa, mabati yangeweza kusubiri miezi sita. Yule jamaa wa pikapu sikumwambia hata neno moja la baba yake babu. Hakuuliza, nami sikusema. Mwaka juzi nikaiona mnadani kwenye mtandao, nikaitambua kwa namba na kwa kovu la kitakoni, wanaanzia dola 1,600 na maelezo yake mistari miwili, bunduki ya Kijerumani, hali nzuri, haina mdeki. Nikaipandia mpaka 1,900 nikashindwa, ikaenda.

Desemba iliyopita nilienda nyumbani. Siku ya pili Kayenze nimekaa na shangazi nje, giza linaingia, akanyanyuka kufunga banda la kuku, akachomeka chuma chembamba kirefu kwenye vile vitanzi viwili vya mlango. Nikamwambia shangazi, naomba nione hicho. Ule mdeki wa gobore! Umeliwa na kutu upande mmoja lakini umenyooka, na ile ncha iliyotanuka kidogo ya kushindilia bado ipo, imeng'aa kwa mikono. Akaniambia, baba, ukiondoka nacho kuku wangu fisi atawamaliza. Kesho yake nikapanda hiace mpaka soko la Kirumba nikanunua komeo na kufuli, nikarudi nikalifunga mwenyewe kwa misumari, shangazi akalijaribu mara tatu ndo akaniachia.

Nikaupima, sentimita 104. Mdeki unaendana na mtutu, kwa hiyo sasa walau najua gobore la babu mtutu wake ulikuwa na urefu wa kiasi gani. Nimenunua daftari langu na mimi, jalada jeusi, ukurasa wa kwanza nimeandika jina la babu, kijiji Kayenze, Ukerewe ng'ombe wawili, viboko, mafuta ya sangara, sentimita 104. Chini nikakwama, nikampigia baba mdogo nikamuuliza ile hela ya chuma siku ile ilikwenda wapi. Akafikiri sana, nasikia redio nyuma yake. Akasema ilinunua daftari za shule za wadogo zako, zile za muhula wa kwanza. Nikaandika hivyo.