Moto! Moto! Kadi Inaungua

Mpaka leo nikiinamisha kompyuta yangu, mchanga unatoka. Mchanga wa ujenzi kabisa, na vipande vya makombe ndani. Ukiniuliza umeingiaje, itabidi ukae kitako.

Mimi nahariri video za harusi. Nimepanga chumba Mbagala, nyumba ya vyumba sita, uani pamoja, mita ya umeme moja. Mwezi wa Shaaban watu wanaozana mfululizo wawahi kabla ya Ramadhani, na mwaka ule ulidondokea Februari. Februari ya Dar mnaijua, feni inakupulizia mvuke. Kadi yangu ya grafiki, yaani kile kipande cha kompyuta kinachoshughulikia picha, GTX 1060 ya mtumba kutoka Kariakoo, ikawa inachemka kila nikianza kurenda, kuitoa video iliyokamilika. Walioitengeneza wanasema mwisho wake nyuzi 94, na ikifika 83 hivi huanza kujipunguzia kasi. Yangu ilifika huko hata bibi harusi hajashuka kwenye gari. Nikavua mfuniko wa pembeni ipate hewa. Huo mfuniko uukumbuke.

Halafu nikajiambia, mimi si natumia Linux, ule mfumo wa kompyuta unaopenda amri za kuandika? Niandike skripti, orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe, inichungie joto. Amri ya nvidia-smi, ukiiuliza vizuri, inakupa joto la kadi kwa namba tupu. Basi skripti isubiri dakika tano, iulize, na ikikuta limepita 80, programu ya espeak itangaze. Espeak inasoma Kiswahili, ila kwa sauti ya mtu aliyebanwa pua na mlango. Nikaiandikia: "Moto! Moto! Kadi inaungua!" Irudie mara ishirini, nisije nikawa nimelala. Kwa nini sikuandika "joto limepanda" kistaarabu, sijui. Kazi ya harusi inazoesha makelele.

Mstari wa hukumu wenyewe ulikuwa huu:

if [ $joto > 80 ]; then

Nikaujaribu. Nikaweka joto la uongo, 95, espeak ikapiga yowe. Nikajipigia makofi peke yangu. Kujaribu na 40 sikujaribu. Nani anapima kengele kwa kuisikiliza inyamaze? Nikaweka skripti ijianzishe kila mashine ikiwaka, na mashine nilishaipanga zamani ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Nikaenda zangu kula chipsi mayai.

Nilichosahau ni spika. Rafiki yangu mmoja, MC, alikuwa ameniachia spika zake mbili za ukumbini nimtunzie, na mchana nilizichomeka kusikilizia taarabu ya bibi harusi kuingia. Sauti niliiacha pale pale penye bibi harusi kuingia.

Nipo kibandani, ndiyo kwanza nawekewa kachumbari, nikasikia: "Moto! Moto!" Nikaacha sahani nikatoka mbio na wenzangu. Nilikimbia vizuri, kusema kweli, na kuuliza juu: "Wapi? Wapi?" Kwenye kona ya kwetu ndipo nikalisikia neno la mwisho. Kadi inaungua. Miguu ikaniishia nguvu.

Uani kumejaa. Mama mwenye nyumba kajifunga khanga kifuani, kakumbatia bahasha ya hati ya nyumba. Dada anayeuza chapati analia, kadi ya kliniki ya mtoto iko juu ya kabati. Mzee wa chumba cha kwanza yeye alielewa kadi ya chama, katoka nayo mkononi, salama. Moshi hakuna aliyeuona, lakini sauti inasema moto, utabishana nayo? Kijana wa bodaboda akaupiga teke mlango wangu, kitasa kikaruka. Mwingine akazima meinswichi.

Giza. Kimya. Halafu, mle chumbani, nikasikia: chwaaa!

Ni yule mzee. Alishasikia redioni kwamba moto wa umeme hauzimwi kwa maji, na uani palikuwa na lundo la mchanga wa kujengea choo. Ndoo nzima. Na mfuniko, kama unakumbuka, haukuwepo.

"Shikamoo mama," nikaanza. "Hakuna moto. Ni kompyuta inasema."

"Marahaba. Inasema nini?"

"Inasema kadi inaungua."

"Inaungua?"

"Hapana, mama."

"Sasa mbona inasema uongo, na wewe ndiye unayeishi nayo?"

Sikuwa na jibu. Wakakagua kwa tochi za simu, wakaridhika, umeme ukarudishwa. Watu wakaanza kucheka, dada wa chapati akanipa pole. Huko ndani mashine nayo, kwa utii wake, ikajiwasha. Dakika tano baadaye: "Moto! Moto!"

Mama mwenye nyumba akatoka tena na bahasha ile ile. Mzee aliniangalia mimi, kisha akaiangalia ndoo.

Usiku huo, nikiwa nimeshang'oa waya za spika na natoa mchanga kwa brashi ya kupakia rangi, nikafungua folda ya nyumbani. La kwanza kwenye orodha, faili nisilolijua. Jina lake 80. Ukubwa wake baiti 0. Nikalitazama muda mrefu. Kwenye bash, programu inayozisoma amri za skripti, ndani ya mabano yale, alama ya > haina habari na kubwa wala ndogo. Inamwaga matokeo kwenye faili. Skripti yangu ilikuwa inauliza tu kama kuna joto lolote, na joto halikosi, kisha inafungua faili tupu liitwalo 80 na kwenda kupiga mayowe. Nilipoiangalia kadi ilikuwa na nyuzi 46. Nilitakiwa kuandika -gt, ndiyo "kubwa kuliko" ya huko. Kistari na herufi mbili! Kitasa kipya nimenunua mimi.

Skripti sasa iko sawa. Tatizo ni feni ya kadi, ambayo ilikula mchanga na inazunguka kama kinu cha kusagia karanga, kwa hiyo joto linapita 80 kweli kweli, karibu kila jioni. Juzi nilikuwa naoga. Nikasikia mama mwenye nyumba anapita dirishani na beseni lake la nguo, hana haraka.

"Mwanangu," akasema, "kadi yako inaita."