"Wobble" si kutetemeka, jamani

Nani aliwaambia wafasiri kwamba "wobble" ni kutetemeka? Mwongozo wa baiskeli wa Kiswahili unasema: "gurudumu likitetemeka, kaza." Likitetemeka kwa baridi, au limeona chui?

Kutetemeka ni kwa haraka na kudogo: homa, midomo ya anayetaka kulia, ardhi. "Wobble" ni mwendo mpana wa kitu kilichokosa mizani, huku kisha kule kisha huku tena. Kuyumbayumba, basi. Neno lilianza kuandikwa kwa Kiingereza katikati ya karne ya 17, zamani pia "wabble", na inaelekea lilitoka kwa Wajerumani wa kaskazini, "wabbeln". Tazama mkia wake: "-le" ndiyo inayobeba kule kurudiarudia. "Wade" ni kuvuka maji kwa miguu. Tia mkia upate "waddle", mwendo wa bata. "Spark" ni cheche, "sparkle" ni kumetameta. Wao wanatia mkia, sisi tunalitaja neno mara mbili: yumbayumba, chezacheza, legalega. Mfasiri alikuwa na dawa mdomoni akaitema!

Haya, sauti ikifanya "wobble", semeni inatetemeka, sigombi. Lakini mlevi anapepesuka, jino linacheza, na mtoto anayejifunza kusimama yuko dede.

Kwenye baiskeli kosa hili linakula pesa. Inua gurudumu, lishike rimu bila kulizungusha, lisukume kulia na kushoto. Likigonga-gonga, hilo linacheza: koni (nati zinazobana gololi kwenye ekseli) zimelegea au gololi zimekwisha, na kukaza spoki hakusaidii kitu. Likiwa imara, lizungushe, utazame nafasi kati ya rimu na mpira wa breki. Nafasi ikiziba upande mmoja kila mzunguko, hapo ndipo linayumba, rimu imepinda. Ikivutwa kushoto, kaza spoki zinazotoka upande wa kulia wa habu, yaani kitovu cha gurudumu, pale pale penye kasoro, robo mzunguko tu kila moja, kisha uzungushe tena utazame. Rimu ikipanda na kushuka, ni yai, kazi nyingine kabisa.

Sasa mwenye kitabu amesoma "kaza", akazikaza spoki zote 36 kwa nguvu zake zote. Nati za spoki zinakula uzi, rimu inajikunja kama krispi ya viazi, na kesho yake yuko dukani ananunua mpya.